Kampuni ya soda ya kanda: mpaka uliochorwa na chupa tupu

Mwaka 1891 Sam Houston Prim alianza kujaza soda ya Dr Pepper kwenye chupa katika mji mdogo wa Dublin, Texas, upande wa magharibi wa Waco. Januari 2012 kiwanda hicho hicho kikaacha kuijaza, baada ya kesi iliyohusu mambo mawili: jina lililoandikwa kwenye lebo, na soda zilizokuwa zikiuzwa nje ya eneo lililotajwa kwenye mkataba. Eneo lenyewe lilikuwa kaunti sita, kama kilomita 70 kutoka kiwandani kwenda kila upande. Wengi waliofuatilia kesi ile walizungumzia sukari ya miwa, ambayo kiwanda hicho kiliendelea kuitumia wenzake walipohamia shira ya mahindi. Kwangu mimi sukari ilikuwa jambo la pembeni. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini soda ilikuwa na mpaka tangu awali. Sabuni haina mpaka, sigara haina, viberiti havina. Soda iliupata wapi?

Jibu liko kwenye mzani. Chukua chupa ya Coca-Cola yenye kiuno, iliyobuniwa na Root Glass Company ya Terre Haute, Indiana, mwaka 1915. Masharti yake yalitaka kioo cha wakia 14.5, sawa na gramu 411 hivi. Kinywaji ndani yake kilikuwa wakia 6.5, yaani mililita 192, uzito wa gramu 200. Kreti ya chupa 24 basi inabeba kilo 9.9 za kioo na kilo 4.8 za soda. Mnunuzi analipia hizo 4.8. Kioo ni mtaji wa kiwanda na lazima kirudi, kwa hiyo mkokoteni unakwenda na kilo 14.7 na kurudi na 9.9, mbali na kreti ya mbao yenyewe. Ili kuuza soda isiyofika lita tano, umesafirisha karibu kilo 25. Ukiwa na farasi au nyumbu, kazi hiyo ina mwisho wake: umbali ambao mnyama anaweza kwenda na kurudi kwa siku moja, huku dereva akisimama kila duka kushusha zilizojaa na kuhesabu tupu. Mpaka ulikuwepo barabarani kabla mwanasheria yeyote hajauandika.

Lori lilipokuja lilinyoosha umbali huo, lakini halikubadili hesabu. Kila hatua kubwa katika historia ya kampuni hizi imetokana na mabadiliko ya chombo. Ladha zilibaki zilezile.

Kizibo kinachotupwa

Chupa nyingi za soda za Marekani katika miaka ya 1880 zilifungwa kwa kizibo cha Hutchinson, kilichopata hataza mwaka 1879 huko Chicago. Ni kitanzi cha waya chenye kisahani cha mpira chini yake. Ukikivuta juu, mpira unabana shingo kwa ndani na shinikizo la gesi linauongezea nguvu. Kufungua, unakisukuma chini kwa kiganja. Kasoro yake ni kwamba hakitoki: chupa inarudi kiwandani na kizibo kimo ndani, waya umeota kutu, mpira umeshika harufu, na brashi haipiti shingoni kufika kwenye kitako. Joseph Biedenharn wa Vicksburg, Mississippi, aliyekuwa wa kwanza kutia Coca-Cola kwenye chupa mwaka 1894, alitumia chupa za aina hii. Soda ya namna hiyo ilifaa kunywewa mapema na karibu na ilikojazwa. Uingereza walikuwa na chupa ya Hiram Codd ya 1872 yenye gololi shingoni, nayo haikusafishika vizuri zaidi, na watoto waliivunja ili wapate gololi.

William Painter wa Baltimore alipewa hataza ya kizibo cha bati chenye meno Februari 1892. Kilikuwa na meno 24 (cha leo kina 21) na ndani yake kisahani chembamba cha gome la mwaloni, lile lile linalotengenezewa vizibo vya mvinyo. Kinatumika mara moja kinatupwa. Kwa hiyo kinachogusana na soda ni kipya kila siku, na chupa inarudi mdomo ukiwa wazi, brashi na maji ya moto vinaingia hadi chini. Lakini kizibo hiki kina sharti gumu: midomo ya chupa zote iwe ya kipimo kimoja. Mpuliza kioo wa mkono hakuweza kuliahidi hilo. Mashine ya Michael Owens wa Toledo, Ohio, iliyoanza kutoa chupa bila mpulizaji mwaka 1903, ndiyo iliyoweza. Kampuni ya soda ya kanda kama tunavyoijua imesimama juu ya mashine hizo mbili, ya kizibo na ya chupa. Ya chupa ilikuwa kubwa na ilikaa kwenye viwanda vya kioo; ya kizibo ilikuwa ndogo na ya bei ambayo mfanyabiashara wa mji mdogo aliweza kuifikia.

Mkataba wa dola moja

Julai 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Tennessee, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mwenye Coca-Cola, wakapata haki ya kujaza Coca-Cola karibu Marekani yote kwa dola 1, dola ambayo inasemekana Candler hakuidai. Yeye aliona soda ni kitu cha kaunta ya duka la dawa, kichanganywe mbele ya mteja. Mawakili hawakuwa na fedha za kujenga viwanda nchi nzima, wakagawa nchi vipande. Kila kipande alipewa mwenye mtaji wa mahali: anunue mashine, chupa, mikokoteni na wanyama, wao wamuuzie shira. Chattanooga ilianza 1899, Atlanta ikafuata 1900. Kufikia 1909 viwanda vilikaribia 400, na baada ya miaka kama ishirini vilizidi 1,000, karibu vyote mali ya wenyeji.

Mwenye kipande alidai hakikisho kwamba hakuna mwingine atakayeuza soda hiyo hiyo ndani ya mpaka wake. Watu huliona hilo kuwa ulafi wa ukiritimba. Limo, lakini kuna sababu ya kiufundi pia. Chupa ni mtaji unaozunguka mikononi mwa watu. Jirani akiuza ndani ya eneo lako, anarudi na tupu zako kwa sababu zinafanana na zake, na wewe mwezi ujao unasimamisha mashine kwa kukosa chupa ilhali oda zipo. Ndiyo maana jina la mji lilichapwa kwenye kitako cha chupa za Coca-Cola kwa miongo mingi. Lilikuwa alama ya mwenye mali.

Kosa la mkataba wa 1899 lilikuwa kufunga bei ya shira bila kuweka ukomo. Halikuuma mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1920 sukari ghafi ilipita senti 22 kwa ratili, na Desemba mwaka huo huo ilikuwa chini ya senti 5. Coca-Cola ilitaka kubadili masharti, wajazaji wakaenda mahakamani, na 1921 wakakubaliana kwamba bei ya shira ifuate bei ya sukari. Caleb Bradham, mwenye Pepsi-Cola, alikuwa amejaza ghala sukari ya bei ya juu. Kampuni yake ilifilisika 1923.

Hapa kuna tofauti ambayo maandiko mengi huipita haraka. Kiwanda kinachonunua shira iliyokamilika hakina sauti juu ya sukari. Kiwanda kinachonunua kiini cha ladha na kutafuta sukari yake chenyewe kinabeba hatari ya bei, lakini kinabaki na uamuzi. Wajazaji wa Dr Pepper walikuwa wa kundi la pili, na bila hilo habari ya Dublin isingekuwepo.

Ndani ya kiwanda cha chupa za kurudishwa

Maji kwanza. Maji yenye alkali nyingi yanaua asidi ya soda, na soda iliyopoteza asidi huwa tamu bila ukali, halafu inaharibika upesi. Kiwango kilichozoeleka ni alkali isiyozidi miligramu 50 kwa lita, ikihesabiwa kama kalisi kaboneti. Njia ya zamani, na bado inafanya kazi, ni tangi la chokaa, chumvi ya chuma na klorini. Chokaa inaangusha alkali, chumvi ya chuma inakusanya tope kuwa madonge yanayozama, klorini inaua vijidudu na mwani. Maji yakikaa humo saa mbili hivi yanapitishwa kwenye mchanga, kisha kwenye makaa hai yanayoondoa klorini. Makaa yakichoka, klorini inapenya, na kidogo tu inatosha kuvuruga ladha ya kiini. Fundi anayepima klorini kabla ya makaa na asipime baada yake hajapima chochote.

Shira ni hesabu. Tuseme kuna kreti 1,000 za chupa 24 za mililita 192. Hiyo ni lita 4,608 za soda. Kwa kipimo cha Brix 11 (gramu 11 za sukari katika kila gramu 100), kila lita inataka gramu 114 hivi za sukari, jumla kilo 525. Ukiipika shira ya Brix 60 unachanganya kilo hizo 525 na kilo 350 za maji, unapata lita 680. Unaichuja, unaongeza asidi, kiini na rangi kwa mpangilio ulioandikwa na mwenye fomula, kisha unajazia maji hadi lita 768, ili sehemu moja ya shira iingie sehemu tano za maji ya gesi. Mpangilio una maana: dawa ya kuzuia vijidudu ya benzoeti ikitiwa baada ya asidi, au ikikutana na asidi kali kabla haijayeyuka, inageuka punje nyeupe zinazotua chini na hazifanyi kazi tena.

Sukari yenyewe ina vituko. Sukari ya kiazisukari isiyosafishwa vya kutosha ina mabaki ya saponini. Kwenye soda yenye asidi mabaki hayo yanajikusanya baada ya siku kadhaa kuwa nyuzinyuzi zinazoelea. Soda ni salama, ila hakuna duka litakaloipokea. Dawa yake ni kujaribu kila shehena: tengeneza myeyusho wenye asidi, uweke siku kumi, uangalie kwa taa. Kingine ni shira iliyosahauliwa. Ikiwa na Brix 60 kwenda juu, hamira haipati nafasi. Lakini mvuke ukiganda chini ya mfuniko wa tangi na kudondoka, tabaka la juu linazimuka, hamira inaanzia hapo, na Jumatatu asubuhi tangi lina povu na harufu ya pombe.

Kuosha chupa ndiko pesa inakopotelea. Kanuni ya wajazaji wa Marekani, iliyoingia pia kwenye sheria za majimbo, ilitaka chupa ikae angalau dakika 5 kwenye myeyusho wa alkali wa asilimia 3, na angalau asilimia 60 ya alkali hiyo iwe kostiki soda, kwa joto lisilopungua nyuzi 130 za Farenhaiti, karibu 54 za Selsiasi. Tangi la lita 5,000 linataka basi kilo 150 za alkali, kilo 90 kati yake kostiki. Kostiki inatiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yanachemka na kurusha. Nguvu yake inashuka kila saa: chupa zinaingia na maji, soda iliyobaki ina asidi, na kila lebo ya karatasi inayong'oka inakula sehemu yake. Inapimwa kwa titresheni (kudondoshea asidi ya nguvu inayojulikana hadi alkali iishe) mara kadhaa kwa zamu, si kwa kuangalia rangi ya maji. Kemikali ya sodiamu glukoneti huongezwa kidogo ili kuondoa pete ya kutu iliyoachwa mdomoni na kizibo.

Joto lipande kwa ngazi, lishuke kwa ngazi. Chupa baridi ikizamishwa ghafla kwenye tangi la moto inapasuka kitako, na tangi lenye vigae vya kioo linakwaruza chupa zote zinazofuata. Baada ya kostiki kuna mibubujiko ya maji kutoka kwenye midomo midogo ya shaba, na ya mwisho ni maji safi. Kipimo cha mwisho ni tone la fenoftaleini ndani ya chupa iliyotoka: likigeuka la waridi, kostiki imebaki. Usiongeze maji ya kusuuza kabla ya kutazama ni chupa ipi. Mashine inashika chupa kwa safu, tuseme 12. Ikiwa kila mara ni ya saba, mdomo wa saba umeziba magamba ya chokaa, na sindano ya waya inamaliza kazi kwa dakika moja.

Kuna uchafu ambao kostiki haiuwezi: saruji iliyokauka, rangi, na mafuta ya taa. Chupa iliyotumika kuwekea mafuta ya taa inatoka inang'aa na bado inanuka, kwa hiyo hunuswa kabla ya kuingia. Baada ya kuoshwa, mkaguzi anazitazama zikipita mbele ya ubao mweupe wenye taa, na hubadilishwa kila baada ya nusu saa au chini yake, kwa sababu jicho linachoka kabla ya mwenye nalo kujua. Chupa nzuri hufanya mizunguko 20 hadi 30. Unazijua zilizozeeka kwa pete nyeupe begani na karibu na kitako, zinapogusana na wenzake mkandani. Pete hiyo inaanza kuwa kovu la sura na baadaye inakuwa udhaifu wa kioo.

Kujaza sasa. Katika mtindo wa zamani pampu inadondosha shira kwanza, mililita 32, halafu maji ya gesi yanajazia. Pampu ikikosea mililita moja, utamu umebadilika kwa asilimia 3, Brix 11 imekuwa 10.7. Shira ni nzito, inakaa chini, ndiyo maana mistari hiyo ilikuwa na kifaa cha kupindua chupa baada ya kufungwa. Kifaa kikilegea, mnywaji anaanza na maji na kumalizia na asali. Mashine za baadaye zilichanganya kila kitu kabla ya kufika kwenye chupa, na tatizo hilo likaisha.

Gesi inapenda baridi. Kwa shinikizo la kawaida la hewa, maji ya nyuzi 15.6 hubeba ujazo mmoja wa gesi ya kaboni, yaani gesi ya ujazo sawa na wa maji yenyewe. Kwa nyuzi 0 hubeba 1.7. Soda za kola hutaka ujazo wa 3.5 hadi 4, za machungwa kama 2. Hivyo maji hupozwa hadi nyuzi 2 au 4 kabla ya kuingia kwenye tangi la gesi. Povu likifurika kwenye mashine ya kujazia, wengi hukimbilia kupunguza gesi, na soda inatoka imekufa. Sababu za kweli kwa kawaida ni nyingine: chupa bado ni za moto kutoka kwenye kuosha, hewa imeingia kwenye maji kupitia pampu inayovuja upande wa kuvuta, au ndani ya chupa kuna uchafu ambao mapovu yanaushikilia. Gesi hupimwa kwa geji yenye sindano inayotoboa kizibo. Achia hewa ya shingoni kwanza, funga, tikisa chupa hadi mshale utulie, soma shinikizo, pima joto, kisha tafuta kwenye jedwali. Anayeruka hatua ya kuachia hewa atapata namba nzuri ambayo si ya kweli.

Mwisho ni kubana kizibo. Kikiwa kipya kina kipenyo cha milimita 32, na kikibanwa vizuri kinabaki kati ya 28.6 na 28.8. Kinapimwa kwa pete za chuma, kichwa kimoja kimoja cha mashine. Kikilegea gesi inatoka polepole, na soda iliyopoteza gesi hukaribisha ukungu, kwa sababu gesi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiuzuia. Kikibana mno mdomo unamomonyoka, na chembe ya kioo inaingia ndani ya kinywaji. Hilo la pili ndilo la kuogopwa.

Kopo, na ramani inayobomoka

Vita vya pili vilibana sukari: mgawo ulianza 1942 na kudumu hadi 1947, na kiwanda kilipata kwa kulinganisha na kilichotumia kabla ya vita. Bati la vizibo nalo lilikuwa adimu. Kampuni nyingi ndogo zilivuka kipindi hicho. Zilichoshindwa kuvuka ni chombo kisichorudi.

Soda ilijaribiwa kwenye kopo 1938, na ikashika kasi miaka ya 1960, baada ya Ermal Fraze wa Ohio kubuni kifuniko cha kuvuta kwa kidole na kampuni ya soda ya Royal Crown kutoa kopo la alumini tupu 1964. Kopo la alumini la leo lina gramu 13 hivi na linabeba mililita 355. Linganisha na gramu 411 kwa mililita 192. Lori halina tena sababu ya kurudi na mzigo, na kiwanda kilicho umbali wa kilomita 500 kinafika kwa bei nafuu kuliko cha jirani. Kisha ikaja chupa ya plastiki ya Nathaniel Wyeth, iliyopata hataza 1973, na chupa ya lita 2. Mstari wa makopo ulihitaji mtaji ambao mji mdogo haukuwa nao, hivyo wajazaji wadogo wakaungana kununua mmoja wa pamoja, au wakauza haki zao kwa jirani mkubwa.

Wajazaji huru walipata pigo jingine 1963, mahakama ya Dallas ilipoamua kwamba Dr Pepper si kola. Tangu hapo mjazaji wa Coca-Cola au Pepsi aliweza kuibeba bila kuvunja mkataba wake uliomkataza kuuza kola nyingine. Kwa Dr Pepper ulikuwa mlango wa nchi nzima. Kwa kiwanda kidogo kilichoishi kwa Dr Pepper peke yake, ilimaanisha majirani sasa waliweza kuuza soda hiyo hiyo kwenye maeneo yao, kwa malori makubwa kuliko yake.

Mwaka 1971 Tume ya Biashara ya serikali kuu iliyashtaki makampuni ya soda kwa kugawana maeneo. Uamuzi wake wa 1978 ni wa kuvutia kuliko kesi yenyewe: ilikataa mipaka kwa vyombo visivyorudi, lakini ikairuhusu kwa chupa za kurudishwa. Tume iliona kile kile ambacho mzani unaonyesha. Kama uamuzi huo ungesimama, mpaka ungekufa pamoja na chupa iliyouzaa. Haukusimama. Bunge lilipitisha sheria 1980 iliyohalalisha maeneo ya pekee kwa vyombo vyote, mradi kuna ushindani wa kutosha kati ya soda za makampuni tofauti. Kuanzia hapo mpaka ukawa kitu cha karatasi, na karatasi humlinda zaidi mwenye chapa na mjazaji mkubwa.

Dublin ilibaki katikati ya haya yote. Bill Kloster, aliyeanza kazi hapo 1933 akiwa kijana na hatimaye kukimiliki kiwanda, alikataa kuhamia shira ya mahindi wakati wenzake wengi walipohama. Sababu za wengi zilikuwa wazi: sukari ilipanda vibaya 1974, na vizuizi vya uagizaji vya 1982 viliiweka ghali ndani ya Marekani, Coca-Cola na Pepsi zilimaliza kuhamia shira ya mahindi 1984. Watu wameifanya hadithi ya Kloster kuwa ya uaminifu mtupu. Tukumbuke pia kwamba shira ya mahindi huletwa kwa lori la tangi na hutaka tangi lenye joto la kudumu, la sivyo inaganda. Kiwanda kinachojaza kidogo na kumimina magunia kwa mkono hakiokoi mengi kwa kuhama.

Na ladha je? Soda yenye asidi huvunja sukari ya miwa kuwa glukosi na fruktosi kadiri inavyokaa ghalani. Soda ya miwa iliyokaa miezi michache katika joto imeshakaribia muundo wa ile ya mahindi. Tofauti inayosifiwa ni kubwa zaidi kwenye chupa mpya, yaani karibu na kiwanda. Ilipokuwa ikiagizwa kutoka mbali, ilifika ikiwa imeipoteza sehemu.

Lakini kuagizwa kutoka mbali ndiko kulikoifanya ijulikane. Intaneti iliwapa wateja wa majimbo mengine njia, na jina "Dublin Dr Pepper" kwenye lebo likaitofautisha na Dr Pepper nyingine. Juni 2011 Dr Pepper Snapple Group, mwenye chapa, ilishtaki kwa hoja hizo mbili, lebo na mpaka. Januari 2012 wakapatana: haki za kujaza na kusambaza Dr Pepper katika zile kaunti sita zikarudi kwa mwenye chapa, na familia ya Kloster wakabaki na jengo na mashine.

Wanaendelea kwa jina la Dublin Bottling Works, wakitengeneza soda za fomula zao kwa sukari ya miwa. Fomula ikiwa yako hakuna mkataba wa eneo wa kuvunja, kwa hiyo soda hizo zinaweza kuuzwa popote mnunuzi atakapolipia usafiri wa kioo.